Mkasi Huanzia Chini

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi yote nimetazama watu wakipigana. Filamu ya majambazi. Wanakufa wote isipokuwa yule niliyetamani afe! Mwigizaji mkuu ana sura moja tu: akiona njaa ni ile, akipenda ni ile, akifiwa ni ile ile. Nimeandika hivyo hivyo. Mhariri kanipigia anacheka mpaka kapaliwa. Anasema siku hizi watu hawaendi sinema, wanasoma ukurasa wangu tu wapate kucheka. Sijui kama ni sifa au lawama.

Ndiyo kazi yenyewe. Kuumbua watu kwa jina la kupanga — Mkaa Nyuma. Picha yangu haitolewi, maana mwenzangu aliyenitangulia alimwagiwa soda mlangoni pa ukumbi na mtengenezaji mmoja mwenye hasira. Nje ya gazeti, wanaonijua ni baba na mdogo wangu tu. Baba mbele ya wageni huniita "mwandishi wetu", utadhani naandika habari za mawaziri.

Kisha mhariri akataja kazi ya wiki hii. Filamu ya hapa hapa nyumbani, ya mtu anayeanza, inasemekana watu wanalia mpaka wanakopeshana leso. Akanitajia jina la mtengenezaji.

Ni jina la usanii la mdogo wangu!

Mhariri hajui. Nilipaswa kusema pale pale, huyo tumbo moja na mimi, mpe mtu mwingine. Lakini mtu mwingine ni yule wa michezo, ambaye huandika filamu kama mechi, nani kafunga na nani katolewa. Nikasema sawa, nitakwenda.

Filamu yenyewe inahusu nini, sijui. Mwaka mzima nikimuuliza jibu ni moja: "Utaiona, dada." Haya. Nitaiona.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeiona.

Onyesho la waandishi, asubuhi, ukumbi mtupu, kiyoyozi kimewashwa kama wanahifadhi samaki. Nilikaa nyuma. Mbele yangu yule mama wa gazeti jingine, mwenye kutafuna bisi kwa kelele. Nilifungua kalamu, nikaandika tarehe. Baada ya hapo sikuandika neno.

Ni mama. Filamu ni ya mama yetu.

Sikuelewa mwanzoni. Mwanamke mgonjwa, nyumba ndogo, mapazia ya maua — nikawaza, mapazia kama yetu! Kisha akapelekwa hospitali. Kijana wake mmoja, mwana wa pekee, anakaa naye usiku na mchana. Anampoza chai kwa kijiko. Anamkata kucha. Na mwisho mama yule anageuza uso ukutani, anasema: "Fungua dirisha, nisikie watu." Kijana anafungua. Kelele za barabarani zinaingia, honi, mtu anauza vocha, mtoto analia. Mama anatabasamu. Basi.

Maneno yale ni ya mama. Dirisha lile nililifungua mimi. Kucha nilizikata mimi, zilikuwa laini zimekaa kama karatasi iliyolowa, nikaogopa kumuumiza. Mdogo wangu hakuwepo! Alikuwa mbali, kila nikimpigia, wiki ijayo dada, wiki ijayo. Alikuja akakuta kaburi bichi.

Na hayo yote nilimpa mwenyewe. Siku aliyofika tulikaa kwenye ngazi ya nyuma, analia, hawezi hata kushika glasi ya maji. Nikamhurumia. Nikamsimulia kila kitu, chai, kijiko, kucha, dirisha, nikagawa kama mtu anayegawa nguo za marehemu. Nilitaka apate cha kushika.

Ameshika kweli kweli.

Sinema nzima sina hata mgongo. Si binti, si jirani, si muuguzi anayepita na ndoo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Walikosea! Aliyekuwa hayupo lake lipo, limejaa ukuta mzima, na la kwangu mimi niliyekuwepo ndilo halipo.

Kibaya zaidi, ni nzuri. Wallahi ni nzuri. Ingekuwa mbovu ningecheka, ningeichana, ningelala. Mama wa bisi alilia waziwazi, akageuka akanipa karatasi ya kufutia macho, akaniambia pole, na wewe ulifiwa? Nikatikisa kichwa tu. Nililia pia. Sijui nilikuwa namlilia nani.

Ijumaa, 7 Machi

Mdogo wangu kapiga simu. Mapema, sijanawa uso.

Ameshasikia gazeti letu lilituma mtu onyesho la waandishi, akajua ni mimi. Akauliza nimeionaje. Nikamwambia subiri gazeti, Jumatano. Akacheka kidogo, cheko la mtu anayeogopa. Akasema nisimpendelee kwa sababu ni ndugu, niandike ninavyowaandika wengine.

Nikamuuliza: "Mbona mtoto mmoja?"

Akaanza kunieleza kitaalamu. Ukiweka watoto wawili hadithi inagawanyika, mtazamaji hajui amfuate nani. Mimi! Mimi ninayewasomesha watu mambo hayo kila wiki! Nikamwambia asinifundishe kazi yangu, na kwamba hadithi haijagawanyika, imeibiwa.

Halafu akasema kwa sauti ya chini, sauti yake ya utotoni kabisa, "Dada, nilitaka niwepo. Hata mara moja tu."

Nikamwambia chai inachemka. Hakukuwa na chai yoyote jikoni.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeandika. Mezani, tangu baba alipokwenda kunyoa mpaka aliporudi na kulala na kuamka tena.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Miaka yote hii nimechoma filamu za watu nikichagua neno kali kama achaguaye nyanya sokoni, na leo kila neno lilinichoma mimi kwanza. Niliandika makala ya matusi, nikafuta. Nikaandika ya ndugu kwa ndugu, nikafuta. Mwisho nikasema, Mkaa Nyuma hana ndugu. Aandike alichokiona.

Basi nimesifia kinachostahili sifa, na ni kingi. Mwanga. Ukimya. Yule mama mwigizaji, anavyosogeza shuka kwa vidole viwili. Nimeandika kwamba "huu ni mkono unaojua kuuguza." Ni kweli, mkono unajua. Mkono ni wangu.

Na aya ya mwisho ndiyo hii:

"Filamu inajitangaza kuwa kisa cha kweli. Kama ni hivyo, kitandani pale palikuwa na mtu mwingine, na mtengenezaji anamfahamu. Amemtoa kwenye chumba, akakaa mahali pake. Ni filamu nzuri iliyokaa kwenye kiti kisicho chake."

Niliisoma mara nyingi. Haina tusi. Haina jina. Atakayeelewa ni mmoja tu katika dunia nzima.

Baba akapita nyuma yangu akauliza, filamu ya ndugu yako vipi, nzuri? Nikasema nzuri, baba. Akafurahi! Akaenda kumsimulia jirani ukutani.

Baba hakuiona ile saa ya mwisho ya mama. Siku ile nilimlazimisha arudi nyumbani akapumzike, macho yalikuwa yamemvimba. Aliporudi akakuta mama ameshafunikwa shuka. Akaniuliza ilikuwaje. Nikasema, "Alilala tu, baba." Akiuliza mwaka huu, alilala tu. Mwaka jana, alilala tu. Alikuwa hawezi kubeba zaidi, na mimi nilikuwa siwezi kusema zaidi. Yote nilimpa mdogo wangu, baba nikamwachia maneno mawili.

Nimetuma.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna kitu. Nimefua. Baba anakohoa, anakataa kwenda kuonwa na daktari, anasema ni vumbi. Kesho gazeti.

Jumatano, 12 Machi

Imekatwa!

Aya ya mwisho haipo. Nimefungua ukurasa nimesimama pale pale kwa muuza magazeti, watu wananipita, nasoma sifa, sifa, sifa, halafu — godoro. Picha kubwa ya godoro na mwanamke amelala anacheka peke yake. Lala kama malkia, sijui nini. Aya yangu imelaliwa!

Nikampigia mhariri. Akaomba radhi bila kuona aibu. Tangazo liliingia jioni, msanifu wa kurasa akahitaji nafasi, akapunguza chini, "si unajua mkasi huanzia chini, dada?" Halafu akasema aya ile ilikuwa inatoboa siri ya mwisho wa filamu, na haikueleweka vizuri, mtu gani mwingine kitandani? Kwa hiyo hakuna kilichopotea. Makala yangu bora ya mwaka, anasema. Mara ya kwanza nimeonyesha nina moyo!

Nikamwambia ahsante. Nilimwambia ahsante!

Iliyobaki, mtu akiisoma, ni dada anampa mdogo wake baraka.

Alhamisi, 13 Machi

Kama nilivyodhani.

Mdogo wangu alipiga simu analia. Nilidhani utaniumbua, dada. Nilistahili. Niliisoma nimefunga mlango, mke wangu akadhani nimefiwa. Nikafika mwisho, naogopa, nasubiri fimbo — na fimbo haikuja. Ndipo nikajua umenisamehe. Hivyo ndivyo alivyosema, umenisamehe. Na kwamba wenye ukumbi wameyachukua maneno yangu wameyabandika kwenye bango, kwa herufi nene: HUU NI MKONO UNAOJUA KUUGUZA. Mkaa Nyuma.

Nilikuwa na ile aya mbele yangu, kwenye kompyuta. Ningeweza kumsomea. Mistari michache tu. Nilifungua mdomo.

Alikuwa analia kama siku ile kwenye ngazi. Nikasema, haya, nyamaza basi, utakuja kutuona lini? Jumamosi, akasema. Kuna onyesho, watazamaji watamuuliza maswali, anataka baba awepo.

Mchana shangazi naye. Shangazi wa upande wa baba, mwenye sauti ya kipaza. Ameiona filamu na wenzake, wamelia wote. "Kumbe mdogo wako ndiye alimuuguza mama yenu vile! Na mimi nikimsema vibaya!" Shangazi huyu huyu alikuja hospitali na chupa ya supu, nikaipokea mimi mlangoni, kwa mikono hii. Nikamkumbusha. Akasema eeh, kweli, ulikuwepo siku hiyo, ulipitia.

Nilipitia!

Ijumaa, 14 Machi

Niseme ukweli hapa kama siwezi kuusema kwingine.

Kila mwandishi wa gazeti anajua. Ndilo somo la kwanza, mtu haendi hata kuonyeshwa choo kilipo kabla ya kuambiwa: la muhimu weka juu, maana nafasi ikikosekana wanakata chini. Nimewafundisha na wengine. Sasa jambo la muhimu kuliko yote niliyowahi kuandika, nimeliweka wapi? Chini kabisa. Kwenye meno ya mkasi.

Sidhani nilisahau.

Kuna kitu sikumsimulia mdogo wangu kwenye ngazi ile. Wala baba, wala mtu. Nilipofungua dirisha nikarudi kitandani, mama alinitazama usoni, karibu kabisa, akaniita. Hakuniita jina langu. Aliita la mdogo wangu. Akasema, "Umekuja?"

Uso wake ulikuwa umefunguka, sijawahi kuuona vile, hata kabla hajaugua. Miezi yote niliyomgeuza na kumwogesha sikupata uso ule hata siku moja. Nilikuwa na nafasi ya kusema ni mimi, mama. Nikasema, "Nimekuja, mama."

Akashika mkono wangu akidhani ni wa mdogo wangu. Akaenda hivyo.

Kwa hiyo nani mwongo? Mdogo wangu ametengeneza filamu ya kitu alichokiona mama. Bila kujua! Hakuna aliyemwambia. Kitandani pale, kwa macho ya mama, alikuwepo yeye. Mimi nilikuwa dirisha.

Inaniuma. Inaniuma sana na sina wa kumwambia. Nikiwaambia kwamba nilikuwepo, itabidi niwaambie na hilo, maana ukweli nusu sijui kuusema. Na nikiwaambia hilo, nimebaki na nini?

Jumamosi, 15 Machi

Baba alivaa koti la harusi za watu. Alikuwa tayari tangu asubuhi, amekaa kwenye ukingo wa kiti, ananiuliza kila mara kama hatujachelewa. Kikohozi kimepotea! Dawa ya baba ni kuvaa koti.

Ukumbi ulijaa. Tulitengewa viti vya mbele, nikasema mimi nakaa nyuma, nimezoea. Baba akaenda mbele na mdogo wangu. Kutoka kule nyuma niliona vichwa vyao viwili, masikio ya aina moja.

Ilipofika dirisha nikamtazama baba badala ya filamu. Hakulia. Aliinama mbele kama mtu anayejaribu kusikia kitu cha mbali. Miaka yote hii hakuwa ameiona ile saa, mimi nilimnyima. Leo ameiona. Kubwa, ya rangi, na mtoto wake amekaa kando.

Kisha maswali. Msichana mmoja akauliza kama ni kweli yote. Mdogo wangu akashika kipaza sauti. Nilimwona akitafuta kwa macho, nyuma, huku kwangu, taa zilikuwa zinampiga usoni sidhani aliniona. Akasema, "Ni kweli. Ni mama yetu."

Mama yetu, alisema. Sio mama yangu. Hakuna aliyeuliza sisi ni kina nani.

Akamwonyesha baba. Watu wakasimama wakampigia makofi, na baba akasimama naye, akashika kifua, hajui aelekee wapi. Na mimi nilisimama nikapiga makofi kama wengine. Mwanamke wa pembeni yangu akaninong'oneza, mzee ana bahati na mtoto huyo.

Nje, kwenye bango, maneno yangu ni makubwa kuliko jina la filamu.

Jumapili, 16 Machi

Mdogo wangu alilala hapa. Naandika jikoni, nimesimama, daftari juu ya friji. Nikikaa nitashindwa kuinuka.

Tulikuwa mezani sasa hivi, sisi watatu, asubuhi nzuri tu. Baba kachangamka, hajala vizuri hivi siku nyingi. Anasimulia. Anasimulia ile saa! Anasema mama alivyoomba dirisha lifunguliwe, alivyotabasamu, honi za magari. Anasimulia kama mtu aliyekuwa amesimama mlangoni. Akamshika mdogo wangu begani akamwambia, "Ahsante, baba. Hukumwacha mama yako peke yake." Anamwita baba akiwa na furaha, toka zamani.

Mdogo wangu alikuwa anatazama kikombe.

Nilikuwa namimina chai. Nikawaza, na iwe hivi. Mzee anakula. Mama aliona alichokiona, na sasa baba naye kaona. Mimi ni mtu mzima, nitakaa na langu. Kweli kabisa niliwaza hivyo, na kwa dakika ile nilikuwa na amani.

Baba akanigeukia. Bila ubaya. Macho yake yametulia, anataka tu picha ikamilike, kama anavyouliza mtu kuhusu kiti kilichokuwa sebuleni zamani.

"Na wewe, mwanangu, siku ile ulikuwa wapi?"

Chai ikamwagika mezani. Nikasema naleta kitambaa.

Kitambaa ninacho mkononi. Mlango wa jikoni uko wazi. Baba ameuliza tena, ila safari hii hakuniuliza mimi. Anamuuliza yeye, taratibu, anataka kweli kujua: "Hivi dada yako alikuwa wapi?"

Nasikia kijiko kinazunguka ndani ya kikombe cha mdogo wangu, kinazunguka tu, na yeye hatii sukari. Sasa kimesimama. Anakohoa kusafisha koo.

Na mimi hapa nangoja nisikie nilikuwa wapi.